Maini Mawili Juu ya Jani la Mgomba

Siku moja ninayoikumbuka hadi harufu yake, mwanangu, ni ile niliyoshuka kutoka kwetu mlimani Manga kwenda mjini Kisii na kikapu cha kuku watatu kichwani. Zilikuwa enzi za Mzungu, na mimi nilikuwa msichana mkubwa ambaye bado hajaolewa. Kuku wale niliwalea mwenyewe, na niliringa nao njia nzima.

Mnunuzi wangu alikuwa Mzee Idi, Mwislamu mwenye hoteli ndogo karibu na soko. Alikuwa akichinja mwenyewe nyuma ya hoteli. Wenzangu niliofuatana nao njiani walikabidhi kuku wao wakaenda zao, lakini mimi nilibaki nikitazama, maana tangu utotoni nilipenda kujua vitu vikoje ndani. Nyanya yangu alikuwa akisema nina maswali mengi kuliko karani wa chifu.

Mzee Idi alimpasua kuku wa kwanza, akasimama kidogo. Akampasua wa pili, kisha akaniita.

"Binti, hebu njoo uone. Maini gani haya?"

Yalikuwa yamevimba, yana rangi ya njano kama boga lililochemshwa, na alipoyabonyeza yalimeguka.

"Umewalisha nini?"

"Mahindi, mzee."

"Mahindi gani?"

Hapo nilisitasita. Kwetu mlimani mvua ni nyingi, na mahindi yakiingia ghalani na unyevu yanashika ukungu. Mama alikuwa akitukalisha tuyachambue. Mazuri yalikuwa ya ugali. Yenye ukungu hayakutupwa, nani atupe chakula? Hayo yalikuwa ya pombe. Tuliamini kwamba yakisagwa, yakachachushwa, yakakaangwa mpaka yanukie, kisha yakatiwa kimea cha wimbi, ubaya wote umekwisha. Yaliyobaki ndiyo niliyowamwagia kuku.

"Yaliyooza," nilisema. "Tangu mavuno."

Mzee Idi aliosha mikono polepole. "Kuku wako siwachukui, binti. Siwezi kumpakulia mteja kitu nisichoweza kula mimi. Lakini ukifika nyumbani, jiulize ni nani mwingine anayekula mahindi hayo."

Sikuhitaji kufika nyumbani. Nilimjua palepale. Baba yangu, ambaye kwetu tunamwita Tata, alikuwa na mrija wake mrefu, na karibu kila alasiri alikaa na wazee wenzake kukizunguka chungu cha pombe moto, kila mmoja akivuta kwa mrija wake. Tangu mvua za mwaka ule weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka njano. Ugali alikuwa akiuacha nusu. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa. Nyumbani walikuwa wakinong'ona kwamba amerogwa. Na mpishi wa pombe yake, mwanangu, aliyesifiwa kijiji kizima, nilikuwa mimi.

Hata hivyo sikutaka kumwamini mtu wa mjini kwa neno tu. Nilitaka kuona. Pombe yenyewe niliacha kuipika, nikisingizia mkono umeteguka. Kisha nilichukua majogoo wawili wa mama mmoja, waliolingana, nikawatenga. Mmoja nikamlisha mahindi safi, mwingine yenye ukungu. Kila asubuhi niliwachungulia. Wa mahindi safi aliwika, yule mwingine akaanza kujikunja na kuchezea chakula. Nakiri nilifurahia kuchungulia kule, hadi nilipokumbuka ninachokitafuta.

Wakati huo huo wazee walichoka kungojea mkono wangu upone. Shangazi alipika kwa mahindi yaleyale, chungu kikarudi uani. Ndipo nilipomwomba kaka yangu awachinje majogoo.

Ini la yule wa mahindi safi lilikuwa jekundu, linang'aa. Lingine lilikuwa sawasawa na yale aliyonionyesha Mzee Idi.

Sasa nilikuwa na jambo la kusema na sina kinywa cha kulisemea. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile haya na heshima baina ya mzazi na mtoto. Binti hamwambii baba yake habari ya pombe. Basi nilikata jani la mgomba, nikayaweka maini yote mawili, na mbele ya kila ini konzi ya mahindi aliyokula jogoo wake. Nikalipeleka pale wazee walipokaa, nikapiga magoti nikalitua chini karibu na chungu.

"Msichana huyu ana wazimu?" mzee mmoja alifoka. "Toa uchafu huu!"

Tata alinyoosha mkono kumnyamazisha. Alitazama maini, kisha mahindi.

"Majogoo hawa ni wa mama mmoja?"

"Ee, Tata."

"Na pombe hii imepikwa kwa mahindi yapi?"

Nilionyesha kwa kidole.

Akainama karibu zaidi na lile jani, kwa yale macho yake ya njano. "Basi niambie," alisema kwa sauti ya chini, "hapa ini langu ni lipi?"

Nililia mbele ya wazee bila aibu. Tata aliuchomoa mrija wake chunguni, akaufuta, akaulaza chini. Hakuurudisha tena. Macho yake yalichukua muda mrefu kutakata, na nguvu za zamani hazikurudi zote, lakini alinitoa kwa mume wangu kwa mikono yake mwenyewe. Yule mzee aliyefoka aliendelea kuvuta. Tulimzika kabla ya mavuno mawili kupita.

Sijui, mwanangu, ni kiasi gani kilikuwa ukungu na kiasi gani kilikuwa pombe. Mjukuu wangu muuguzi ananiambia vyote viwili hula ini, na moto wa jikoni hauiondoi sumu ya ukungu. Kinachoniuma ni kwamba tuliyemheshimu kuliko wote ndiye tuliyempa kile tusichoweza kumpa mtoto.

Kwa hiyo nisikie. Anika mahindi mpaka yakauke kweli, na yaliyoota ukungu yatupe, hata roho ikikuuma. Usiyape kuku wala ng'ombe, yatarudi kwako. Pombe iache, na kama huwezi, basi ipunguze. Kula mboga zetu za majani, managu na chinsaga, tembea kwa miguu, sukari na mafuta yasikutawale, wala usimeze dawa hovyo kwa kuambiwa na jirani. Ukiona macho ya mtu wako yamegeuka njano, usimtafute mchawi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama haya inakufunga mdomo, tafuta jani lako la mgomba.

Nenda sasa. Mungu akupe macho meupe na hamu ya chakula hadi uzeeni, na akupe mtoto mmoja mwenye maswali mengi.