Maji ya Redio

Tulitoka Tabora kwa treni hadi Shinyanga, mimi na mama, halafu tukapanda lori lililokuwa likifuata pamba, tukashushwa Samuye kwa bibi, mzaa mama. Mama alilala usiku mmoja tu, akarudi. Tangu hapo sijui kutulia mahali. Hata sasa, ndugu yangu, nikiwa nyumba ya wageni, redio ya chumba cha pili ikikwaruza, naamka nakaa kitandani, masikio wima.

Miaka hiyo ya sabini mwalimu wa sayansi alipanga chumba kwa bibi. Aliunga redio mwenyewe juu ya kipande cha ubao, kwa vipuri vya duka la Mhindi mjini. Waya mmoja ulipanda mlingotini, mwingine ulishuka hadi kwenye nondo iliyochomekwa ardhini nyuma ya jiko. Masika ilisema vizuri. Kiangazi kikikausha udongo, ilichemka kama mafuta ya kukaangia, mtangazaji akazama humo.

"Nondo ina kiu," mwalimu alisema. "Imwagieni maji."

"Ndama nao wana kiu," bibi akamjibu, "na hawapigi kelele hivyo."

Maji tulichota alfajiri kwenye mashimo ya mchanga mtoni. Redio ikapewa yale ya kunawia mikono. Ikazidi kunung'unika.

Na bibi ndiye aliyeihitaji kuliko sote. Mjomba, mwanawe wa mwisho, alikwenda Geita kuchimba dhahabu, ikawa kimya, hakuna habari zake. Mchimbaji mmoja mpita njia alituambia mjomba ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu. Basi kila jioni ya salamu bibi alikaa mbele ya ubao ule akitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Jirani yetu, aliyemwita mama kwa Kisukuma, alikuwa hapiti bila kuchokoza.

"Mayu, mwanao amegeuka nyuki humo?"

"Nyuki hurudi mzingani. Mumeo amerudi?"

Jioni moja mtangazaji akasema, "Kutoka machimbo ya Geita..." Kelele zikamfunika. Bibi akaipua taratibu sufuria ya maji ya ugali? Hapana, aliinyakua motoni kwa mikono mitupu, akakimbia nyuma ya jiko, akaimwagia nondo maji yote. Sauti ikatakata palepale: salamu za mtu mwingine, wa Nyahanga, Kahama. Mwalimu akanitazama. Bibi akarudi akihema, sufuria tupu mkononi.

"Nimemsikia," akasema. "Hajambo."

Tulikula michembe mikavu usiku ule, hakuna aliyelalamika.

Mwaka juzi nilipita pale. Ua wa minyaa umeng'olewa, jiko halipo. Redio yangu ya sasa haikwaruzi hata nikiwa Kharumwa, huko Geita, nami huizima kabla habari hazijaisha, nikatoka nje kutembea.

Nilipomaliza darasa la saba mama alikuja kunichukua moja kwa moja. Mjomba alikuwa bado hajarudi. Lori likinguruma barabarani, bibi alinivuta kando mama asisikie.

"Wewe ulikuwa karibu na redio. Kweli alitajwa?"

Dereva akapiga honi.

"Alitajwa, bibi. Alisema hajambo."

"Basi," akasema, akaniachia mkono. "Panda."