Mwanasesere wa Kilo Tisa na Nusu

Kuna watu wameaibika kwa sababu ya pombe. Mimi niliaibika nikiwa mkavu kabisa, shati nimechomekea, Jumatatu mchana, chini ya jengo la Tianxiu hapa Guangzhou, China, mbele ya watu ninaosali nao, na aibu yenyewe niliitengeneza kwa mikono yangu, tena kwa mizani.

Wakati ule biashara ilikuwa imechangamka, makontena yanaondoka kila wiki, nami nilikuwa na ofisi ndogo humo Tianxiu ya kukusanya mizigo ya watu wa nyumbani na kuisafirisha. Mimi na mke wangu Tumaini hatukujaliwa mtoto. Tulikuwa tumekubaliwa kumchukua binti wa mwaka na nusu, Neema, kutoka kituo kimoja cha watoto Dodoma, awe wetu kabisa, na tiketi za kumfuata zilikuwa tayari. Lilibaki jambo moja tu: afisa ustawi wa jamii alitaka kuzungumza kwa simu na mtu anayetujua huku tunakoishi. Tulimtaja Mama Furaha, muuza vitambaa kutoka Bukavu, mkubwa wetu katika sala za Jumapili. Tulimwambia tu kwamba atapigiwa na mtu wa serikali aulizwe tabia zetu. Habari za mtoto hatukumwambia yeye wala mwingine yeyote, kwa sababu kwetu mimba haitangazwi, na Tumaini alisema hii ndiyo mimba yake.

Sasa, mimi siagizi mzigo kabla ya kuona sampuli. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya malezi (shule niliishia darasa la saba, mengine yote nimejisomea), lakini kubeba mtoto mgongoni hakusomwi. Basi nikaenda mtaa wa Yide Lu, kwenye maduka ya vinyago vya watoto, nikanunua mwanasesere mkubwa, mwili wa kitambaa na kichwa cha plastiki, ambaye ukimbonyeza tumbo anaimba. Nikapiga simu kituoni kuuliza uzito wa Neema. Nikamfumua mwanasesere mgongoni, nikamshindilia mchele mpaka mizani ikasema kilo tisa na nusu, nikamshona. Tumaini alikuwa anakunja vigauni kwenye sanduku, akaniangalia na sindano yangu, akasema, "Elia, mtoto hapimwi kama robota." Nikamjibu kwamba kila kitu hupimwa.

Kwa siku kadhaa nilifanya mazoezi sebuleni. Jumatatu hiyo nikaamua kwenda naye mpaka ofisini, nijue kama mgongo wangu utahimili viwanja vya ndege. Nikamvalisha kofia na soksi, nikamfunika kichwa kwa kitenge ili uso wa plastiki usionekane, nikakaza fundo kifuani. Tumaini aliniambia nikikutana naye njiani nisimsalimie.

Pale chini foleni ya lifti ilikuwa ndefu kama kawaida. Mlinzi aliponiona akaanza kusogeza watu, "laoban, laoban," yaani bosi apite. Nyuma yangu alikuwapo Masanja, kijana wa Mwanza anayenunua suruali za jinzi, naye akapaza sauti.

"Mwalimu! Kumbe! Hongera sana, Baba."

Hapo ndipo pa kusema huyu ni mwanasesere. Ni maneno matatu. Lakini katika miaka yote Guangzhou kila mwenzangu aliitwa Baba fulani, mimi nikaitwa Mwalimu kwa ajili ya vitabu vyangu, na neno lile likaniingia mahali ambapo sikujua kuna tundu.

Nikasema, "Asante."

Basi watu wakazunguka. Mmoja akakimbilia duka la jirani kununua biskuti. Mwingine akasifu utulivu wa mtoto. Wakauliza jina, nikasema Neema. Wakauliza umri, nikasema mwaka na nusu. Kila nilichosema kilikuwa kweli, isipokuwa mtoto. Kisha akaingia Mama Furaha na majora yake ya vitambaa kutoka soko la Zhongda, akaona mgongo wangu, akatupa mzigo chini na kuanza kutoa machozi. Kumbe, akasema, ndiyo sababu ya kupigiwa na mtu wa serikali! Nikamsogelea nimnong'oneze, na simu yake ikalia.

"Allô? Ndiyo, ni miye. Mutoto? Mutoto ameshafika, mama! Niko namuona hapa, analala ku mugongo ya baba yake."

Afisa wa Dodoma, ambaye Neema wake alikuwa kituoni kwa usalama wake wote, akauliza, kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, ni mtoto gani huyo.

Nikaruka kuichukua simu. Fundo nililokuwa nimefunga ni lile la kufungia marobota, zuri sana kwa robota lililotulia, si kwa mwanamume anayeruka. Likafunguka. Mwanasesere akashuka kichwa mbele, akapiga sakafu, mshono ukapasuka, mchele ukatambaa mpaka kwenye viatu vya Masanja.

"Yezu! Ameangusha mutoto!" Mama Furaha aliyasema hayo ndani ya simu.

Mwanasesere, tumbo limebonyezwa na sakafu, akaanza kuimba kwa furaha, kwa Kichina.

Nikapewa simu. Nikaeleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea, kwamba mtoto hakuwa mtoto na kilichomwagika ni mchele.

"Mchele wa nini?" afisa akauliza.

"Wa uzito, mama. Nilitaka nimzoee kabla, nisije nikamwangusha."

Foleni nzima ikaangua kicheko, hata mlinzi ambaye hakuelewa neno. Afisa hakucheka. Aliomba nimrudishie simu yule mama. Nikasimama juu ya mchele wangu, nikiona vigauni vyote vya Tumaini vimeshikwa na mdomo wa mtu mmoja.

Mama Furaha alimsikiliza afisa, akautazama mchele, akamwangalia mwanasesere, akaniangalia mimi.

"Huyu papa akili yake iko mingi mupaka inamusumbua," alisema. "Lakini sikia, mama. Miye nimezaa saba, na hakuna baba yao alijifunza kubeba hata mumoja. Mumupatie mutoto. Muke wake ndiye atabeba."

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Tumaini alikuwa amekaa juu ya sanduku ili lifunge, akauliza tu kama safari bado ipo. Nikasema ipo, afisa amekubali. Akageukia ukutani, mabega yakamtikisika, nami sikujua analia au anacheka mpaka aliposema, "Leo hatuli wali."

Neema alikuja mgongoni mwa Tumaini, kama afisa alivyoagiza. Mgongo wangu aliukataa mwaka mzima. Nami tangu hapo sipokei hongera ya mzigo ambao bado uko njiani, hata iwe tamu namna gani. Ila ukija Tianxiu usiulizie Baba Neema, hutaelekezwa. Uliza Baba Mchele.