Jina ya Dorine, Yenye Clovis Alifuta

Clovis alikula bukari yangu, kisha akaenda kumuuza mujukuu yangu. Bantu bananiitaka kambo, juu niko na bajukuu; bananiambiaka, kambo, ile mambo ni ya zamani, achilia. Niachilie nini? Tumbo yake ilijaa na ugali na mboga yangu.

Huyu Clovis ni mutoto ya Mama Mbuyi, jirani yetu hapa Naviundu. Alikuwa anasoma informatique pamoja na Dorine, mutoto ya binti yangu. Hawa batoto ba université, ordinateur yenyewe, ile masini yabo ya kusomea, banaionaka mara moja moja. Courant ya umeme inakatika, njo programme banaiandikaka na bic, ku karatasi.

Siku moja balipewa exercice. Dorine akanielezea: masini iko na kichwa moja, kazi ziko mingi, lazima kupanga gani inapita mbele. Nikamuambia, basi ni makamyo yenye kungojea ku mupaka ya Kasumbalesa hayo. Akacheka, akabeba maharagi yangu, akayapanga ku meza: kila haragi ni kamyo, inapita kidogo tu, inarudi nyuma ya mulongo, mupaka yote inaisha. Kisha akaandika programme yake ku karatasi. Clovis alikuwa pale, anakula. Hakugusa hata haragi moja.

Kwabo, chef wa promotion, mukubwa ya darasa, njo anakusanyaka travaux, kazi za banafunzi, na kuzipeleka kwa assistant, mwalimu wabo. Chef alikuwa Clovis. Akafuta jina ya Dorine, akaweka yake. Dorine alipolalamika, Clovis akaapa kusema Dorine njo alimuibia. Assistant akaamini chef. Dorine akapata zéro, na jina ya mwizi ikamufuata mupaka ku avenue yetu. Akaacha masomo. Nilienda kwa Mama Mbuyi. Akanijibu kusema mutoto wake iko na akili, na miye sijue hata kusoma jina yangu.

Mwaka huu Clovis akapata muchumba. Mama Mbuyi akakuja mupole, ananiomba nikae kama kambo yake siku ya dot, ya kutoa mahari, juu bazee babo beko mbali, Kasai. Nikakubali mbio.

Kambo ya bwana-arusi njo anakunywaka wa kwanza. Asipokunywa, kuko mambo, na dot inasimama. Balinipa kikombe. Nikakiweka chini.

Mujomba ya bibi-arusi akauliza kama kinywaji ni kibaya.

"Kinywaji ni kizuri. Muulize Clovis."

Mama Mbuyi akaninong'oneza: "Kambo, usitupatishe haya."

"Haya inalala kwako tangu zamani, mama. Miye nilikuya tu kuisalimia."

Clovis alitokwa na jasho mu ile koti yake. Mwisho akasema: "Ile travail ilikuwa ya Dorine. Nilifuta jina yake, kisha nikamuita mwizi."

Mujomba akamutuma aende kumuita Dorine, arudilie maneno mbele yake. Avenue nzima ilikuwa ku mulango. Akarudilia. Dorine hakulia, akamuuliza:

"Na kwa assistant, utaenda kusema lini?"

"Siku ya lundi."

"Tutaenda pamoja."

Njo nikabeba kikombe, nikakunywa. Kumusamehe, hapana. Nilikuwa na kiu.