Viganja vya Iok Lan

Niliporudi Makau, jumba letu la kamari lilikuwa limeshabomolewa. Pamesimama hoteli yenye mto wa bandia ndani, watu wanalipa kupanda boti chini ya dari. Upuuzi mtupu! Hapo ndipo mimi na Iok Lan tulipogawa karata ujana wetu wote.

Nilimkuta kwenye duka la uji wa mchele, binti yake akimlisha.

"Mama, shoga yako Sok I huyu, amerudi."

Iok Lan alinikagua. "Huyu kikongwe? Shoga yangu mimi?"

"Na wewe je, mwenzangu kigoli?" nilimjibu.

Alicheka kile kicheko chake cha zamani, lakini jina langu halikumrudia. Nilimtajia wacheza kamari wetu, wakorofi na wakarimu. Wapi!

Uji ulipokwisha aliinuka. Akapiga kofi moja, akageuza viganja juu, akanionyesha. Ndivyo tulivyofundishwa kufanya kila tulipoacha meza, ili msimamizi aone kwamba hatuondoki na kitu.

Nikavitazama. Vilikuwa vitupu. Hata mimi sikuwemo.