Mvuke wa Baba

Ramadhani hii baba alivuta tumbaku mchana kweupe, akaapa kwamba amefunga.

Daktari wa Msambweni alikuwa amemwambia aache moshi, la sivyo mapafu yake hayatamfikisha mbali. Baba, aliyeanza kuvuta akikata miwa Ramisi, alijaribu akashindwa. Kila akiacha, hali wala halali, anamgombeza mama kwa kila kitu. Nilikuwa nimeishiwa njia, ndipo nikaanza kutafuta vile vifaa vya mkononi vinavyopasha majani makavu joto mpaka yatoe mvuke, bila kuyaunguza. Nilikuwa nimeling'ang'ania lile neno la daktari: moshi.

Cha kwanza nilikinunua Ukunda. Kinapata moto upesi, lakini joto linatoka kwenye kuta za kikombe chake, kwa hiyo tumbaku ya pembeni inakuwa nyeusi na ya katikati inabaki vilevile. Baba alilazimika kukifungua na kukoroga kila baada ya pumzi chache. "Umenifanya mpishi wa uji," alilalamika. Cha pili aliniachia mgeni wa hoteli ninayofanyia kazi, Diani. Hicho kinapitisha hewa ya moto katikati ya majani, yanapata joto sawasawa, ila betri inakwisha haraka na mdomo wake wa plastiki unachoma.

Nikachagua hicho cha pili, nikakiongezea vitu. Kichujio cha waya laini cha kuzuia vumbi la tumbaku. Betri kubwa zaidi. Mrija mrefu wa kioo wa kupoza mvuke. Nikashusha na joto. Baba akitoa pumzi, huoni kitu. Kikohozi kilipungua kidogo, au nilitaka kiwe kimepungua.

Sikufikiria Ramadhani. Miaka yote huo ndio mwezi pekee ambao kifua chake kilipumzika, toka alfajiri hadi magharibi. Siku ya kwanza, baada ya adhuhuri, mama alimkuta uani na mrija mdomoni.

"Bwana wee, na saumu yako?"

"Umeona moshi?"

"Sijauona."

"Basi. Hii ni hewa."

"Hewa gani inanuka tumbaku? Kunywa na chai basi, useme ni maji yamebadilika rangi!"

Kisha akanigeukia mimi. Nikikichukua, baba atarudia sigara. Nikikiacha, kifua kinakosa mwezi wake.

Nilimrudia daktari. "Nilisema moshi," akaniambia, "nikimaanisha tumbaku." Nikaenda kwa ustadhi wa msikiti wetu, nikamwamkia, nikamwonyesha kifaa. Alikigeuzageuza, akakinusa, akanirudishia. "Mwambie mzee saumu hana. Na siku alizovuta, azilipe."

Nilimfikishia baba maneno hayo nikiwa nimeinamisha macho. Aliweka kifaa kabatini, akavaa kofia, akatoka.

Tangu siku hiyo anaondoka nyumbani kila baada ya adhuhuri na kurudi futari ikikaribia, akikohoa kuliko mwanzo. Ukimuuliza alikokuwa, anajibu, "Natembea." Kifaa kiko palepale, betri imejaa. Jana mama aliinusa kanzu yake alipokuwa akiifua. Inanuka udi juu ya moshi wa sigara, na humu ndani hatujafukiza udi mwezi mzima.