Bei ya Mama Kabichi

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine (na watu wa pale wanapokusanyia maziwa bado wanasimulia, najua): mimi nilimuua mume wangu gereji, mchana kweupe, nikiwa nimevaa gambuti, na nilimuua ili nipunguziwe bei.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni nyeupe, ya zamani, na lilikuwa limeanza kuchemsha. Nikalipeleka gereji moja mjini Nyeri nikitoka shuleni moja kwa moja, kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu na siku hiyo tulikuwa na mkutano wa wazazi, kwa hivyo nilikuwa ndani ya suti yangu ya bluu, ile ya kuonekana. Fundi akapekua pekua, akaniambia gasketi imeungua, ile inayokaa chini ya hedi ya injini na kuzuia maji yasiingie kwenye oili, na hedi yenyewe imepinda kwa joto, lazima itolewe ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Halafu akataja bei. Jamani.

"Hiyo ni bei ya gari ama ni bei ya suti?" nikamuuliza.

Hakucheka. "Madam, hiyo ni bei ya kazi. Tembea uulize kwingine, hakuna shida."

Nikaenda nyumbani nikiwaza. Viazi vya sokoni naweza kupima mwenyewe, naminya kimoja, nauliza kwa mama wa pili na wa tatu, najua kama naibiwa. Lakini injini? Unasimama hapo, boneti imefunguliwa, unaonyeshwa kitu cheusi, unatikisa kichwa kana kwamba mmejuana tangu utotoni. Kwa kuwa injini sikuijua, nilichopima ni yule mtu, na nilikumbuka vizuri kwamba kabla ya kutaja bei macho yake yalitoka kwa viatu vyangu yakapanda hadi kwa mkoba. Nikaamua: huyu amenipima mimi, si gari. Basi kama ni kupimwa, nitachagua mwenyewe wataona nini.

Na haraka ilikuwepo. Mama yangu anaishi Endarasha, macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na baada ya kungoja muda mrefu sana hospitali ilikuwa imempa nafasi ya kupasuliwa Alhamisi iliyofuata. "Nimechoka kuwajua watu kwa sauti," alikuwa ananiambia kila nikipiga simu. Gari lilipaswa kumleta.

Jumamosi nikavaa gambuti za shamba, sweta iliyotoboka kiwiko, na kitambaa kichwani, nikaenda Gatitu kwenye gereji ambayo hakuna anayenijua. Fundi anaitwa Ndung'u, mtu mzima, mpole.

"Unafanyanga kazi gani, mama?"

"Nauzanga kabichi." (Sijawahi kuuza hata jani.)

"Na mzee yuko?"

Mzee alikuwa nyumbani kwenye kochi anatazama mpira. Ningesema hivyo tu, mambo yangeisha. Badala yake nikainamisha macho nikaangalia gambuti, nikatikisa kichwa polepole.

"Aki pole sana," Ndung'u akasema, akavua kofia. Akavua kofia! Ningekuwa mtu wa maana ningekiri papo hapo, lakini nilikuwa nimeshaanza na bei ilikuwa bado haijatajwa.

Akafungua boneti, akaangalia. "Sasa mama, hii kazi nikifanya yote hutaweza. Wacha nikufanyie ile ya kukusukuma. Nitabadilisha gasket peke yake, hiyo head tuiache tu vile iko. Lakini usipande mlima nayo, na usibebe mzigo mingi. Si wewe ni hapa tu, nyumbani na soko?"

"Hapa tu," nikasema.

Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya mjini. Nilirudi nyumbani nimeshinda. Nilimsimulia mume wangu, Baba Kim, yote, jinsi yule wa mjini alivyotaka kuniibia, jinsi nilivyomgundua, yote kabisa isipokuwa kifo chake yeye mwenyewe.

Alhamisi alfajiri tukapanda Endarasha, mimi ndani ya suti ya bluu, Baba Kim akiendesha. Mshale wa joto ulipanda kidogo, nikajifanya sijauona. Mama alikuwa tayari mlangoni na koti lake la kanisani. Tukamkalisha mbele, tukarudi, na hatukufika mbali. Kwenye mlima mmoja karibu na mahali wakulima wanakusanyia maziwa, mvuke ukatoka kwenye boneti hadi hatuoni barabara.

"Tuchukue matatu," Baba Kim akasema. "Cucu wa watoto atachelewa hospitali."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, na hapa sina wa kumlaumu. "Hapana," nikasema. "Aje hapa hapa aone kile amenifanyia." Nikapiga simu, nikamwita Ndung'u mwizi kwa sauti ya kutosha darasa zima, na wakulima wakakusanyika na mikebe yao, wakawa upande wangu wote. Mzee mmoja akasema mafundi wa siku hizi dawa yao ni kuitiwa polisi. Nikazidi kupandwa na hasira. Matatu zikapita, moja baada ya nyingine, zikiwa na nafasi. Mama ndani ya gari alikuwa akiuliza tu, "Bado?"

Ndung'u akafika kwa bodaboda, mfuko wa spana magotini. Akaiangalia suti ya bluu, akaniangalia uso.

"Kwani ni wewe, mama kabichi?"

Akamwona Baba Kim. "Na huyu?"

"Ni bwana yangu," nikasema.

"Ati umeolewa tena? Na hata wiki haijaisha!"

"Tena?" Baba Kim akauliza. "Kwani wa kwanza alikuwa nani?"

"Si yule alikufa. Yule alimwachia gari."

Mama akateremsha kioo. "Nani amekufa?"

Baba Kim akajipangusa mikono kwa kitambaa, taratibu, akasema, "Inaonekana ni mimi, mama."

Kicheko kilichotoka pale sitakieleza. Ndung'u peke yake hakucheka, na afadhali angecheka. "Mimi sikukudanganya," akaniambia. "Nilikuambia usipande mlima. Na pesa ya kazi sikuchukua, ulilipa gasket peke yake. Nilikuonea huruma." Yule mzee aliyetaka polisi waitwe akaanza kukagua kifuniko cha mkebe wake.

Tulifika hospitali kwa matatu, na orodha ya siku hiyo ilikuwa imefungwa. Tukaambiwa turudi mwezi unaofuata. Mama hakulalamika. Alisema "Sawa," akanyoosha mkono nimshike nimwongoze kutoka, na kwa ule mkono ndipo aibu ilipoingia ndani, kwa sababu ile ya barabarani ilikuwa ya masikio tu. Mwezi mzima alikaa kwangu, na kila asubuhi nilimtazama akikipapasa kikombe mezani na nikajua ni mimi.

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Bei ya Ndung'u ilikuwa ya haki kabisa, ila ilikuwa ya haki kwa mjane anayeuza kabichi na asiyepita soko la Gatitu. Ya yule wa mjini nayo ilikuwa ya haki kwa injini itakayopanda Endarasha. Nilichukua majibu ya maswali mawili tofauti nikayalinganisha, jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya namwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Na huenda yule wa mjini kweli aliangalia viatu vyangu. Mimi pia huangalia viatu vya wazazi.

Nikarudi kwa Ndung'u, gari likivutwa, na mimi nikiwa ndani ya suti ile ile. Kabla ya kuuliza bei nilimwambia gari linaenda wapi, linapanda nini, na nani atakuwa ndani. Ndipo nikauliza. Akataja bei, ikatofautiana kidogo tu na ile ya mjini. Nikaongeza malipo ya ile kazi ya kwanza, akayapokea, na nilishukuru kwamba hakuninyima hilo.

Safari ya pili, kutoka kwangu hadi hospitali, mshale wa joto haukutikisika. Mama akapasuliwa, na kesho yake nesi akamtoa bandeji. Akatutazama mmoja mmoja, polepole. Akanitazama mimi, akatabasamu. Kisha akamtazama Baba Kim aliyesimama miguuni pa kitanda, mkwe wake ambaye, kwa heshima, mama hakuwa amewahi kumtania hata siku moja.

"Kumbe marehemu amenenepa," akasema.

Nesi akashtuka, akanigeukia mimi anieleze. Nikavuta kiti, nikamwambia ukweli wote, kuanzia kwa suti.