Banda la Kupasulia Mbao

Nilitaka kiwanda. Miaka ya tisini, nikiwa kijana pale Ilembo, kiwanda chenyewe kilikuwa msumeno mmoja wa watu wawili, shimo nyuma ya nyumba, na shemeji yangu, mume wa dada, fundi mrefu kuliko wanaume wote wa mtaa wetu. Yeye alisimama juu ya gogo akifuata mstari. Mimi, mfupi, nilikaa shimoni nikivuta na kula vumbi la mbao.

Mvua za mwaka uliotangulia zilimnyeshea huko juu mpaka akaugua kifua. Kwa hiyo aliniambia wazi: "Shemeji, safari hii sipandi gogo kwenye mvua. Ikianza kunyesha na hakuna banda, mimi naenda Sitalike kulima mpunga."

Bila yeye nilikuwa na shimo tu.

Nikajenga peke yangu, wiki nzima aliyokuwa Misunkumilo kwa mama yake. Nguzo sita, nyasi nene, kamba za magome. Kuhusu vipimo sikuwa na wasiwasi kabisa: nilisimama chini, nikanyoosha mkono, nikaongeza shibiri moja kwa heshima ya urefu wa shemeji. Dada akaja, akazunguka, akasifu. Mimi tayari nilikuwa naona lori langu likipakia.

Shemeji akarudi pamoja na wingu la kwanza. Akatikisa nguzo, akacheka kwa raha. Tukaviringisha gogo la mninga mpaka juu ya shimo, likakaa kwenye miti iliyolazwa kukatiza shimo, akapanda. Kichwa chote kikazama kwenye nyasi.

"Shemeji," sauti ikatoka ndani ya paa, "banda hili umemjengea nani?"

Dada alikaa chini kwa kucheka. "Si amepima mtu wa chini! Wa juu kamsahau!"

Mimi sikucheka. Gogo lilikuwa linapita magoti, na sikulipigia hesabu. Mvua ikaanza kudondoka. Nikasema kwa sauti ya kulia kwamba nitabomoa, anipe siku nne tu.

Akashuka, nywele zimejaa nyasi, akanitazama. "Kubomoa kwa nini, bwana? Mwenye kimo cha banda hili ni wewe. Panda."

Nikapanda. Paa likanitosha. Yeye akajikunja, akaingia shimoni akilalamika kuwa lilichimbwa kwa ajili ya kuku. Mstari nilioupiga kwa uzi uliopakwa weusi wa betri za redio ulikuwa umenyooka kabisa mbele yangu. Msumeno ndio uliokataa kunyooka.

"Unakwenda wapi huo?" akauliza kutoka chini.

"Kigoma!" dada akamjibu.

Ubao wa kwanza ulitoka mnene huku, mwembamba kule. Shemeji akaupangusa, akauegemeza kwenye nguzo, akaomba jembe.

"La nini?"

"Nichimbe shimo liende chini. Au unataka nipige magoti humu msimu mzima?"

Nikatoka mbio kulitafuta, mvua ikininyeshea, nikiimba.